Genge la Irente lina somo gani kwa Shinyanga na Geita?

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari kati ya Mwanza na Geita haitegemei tena foleni ya kivuko. Daraja hilo la kilomita 3 limewapunguzia wafanyabiashara wa samaki, mchele na nafaka saa nyingi za kusubiri. Pamoja na hayo, limeamsha upya mazungumzo ya zamani kuhusu utalii wa Kanda ya Ziwa, kwamba mikoa ya dhahabu na pamba inaweza kupata fungu lake la wageni wanaoingia nchini, ambao mwaka 2024 walizidi milioni 2.

Mazungumzo hayo kwa kawaida huishia kwenye Kisiwa cha Rubondo. Ni kweli Rubondo ni hazina. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, ipo mkoani Geita, na ina sokwe walioletwa huko miaka ya 1960. Lakini mgeni wa Rubondo hufika kwa boti au kwa ndege, hulipa ada hifadhini, hulala hifadhini na huondoka. Mkulima wa Mbogwe au mama lishe wa Katoro hamuoni hata kwa mbali. Anayetafuta mfano unaomfaa mtu mwenye ekari 5 na baiskeli moja inabidi aangalie kwingine, na mfano mmoja mzuri upo Lushoto, mkoani Tanga.

Kilomita zipatazo 5 kutoka Lushoto mjini kuna genge linaloitwa Irente. Ardhi ya Milima ya Usambara inakatika pale ghafla, na chini yake, karibu mita 1,000, inaonekana nyika ya Mombo na Mazinde yenye mashamba ya mkonge, reli ya Tanga na barabara kuu iendayo Arusha, ambako malori yanaonekana kama sisimizi. Pale juu hakuna simba wala ufukwe. Mgeni anasimama, anatazama bonde, anapiga picha na kurudi alikotoka.

Kwa mtu aliyezoea kupima kazi kwa magunia, biashara hiyo inaweza kuonekana ya kichekesho. Nani atoe fedha yake kwenda kutazama bonde? Ukweli ni kwamba kwenye fedha anayotoa mgeni, sehemu inayolipia kutazama ni ndogo sana. Iliyobaki hulipwa njiani.

Fedha inakoshukia

Mgeni anayekwenda Irente kwa miguu humlipa kijana wa kumwongoza, kwa sababu njia za mkato zinapita katikati ya mashamba na nyumba za watu. Karibu na genge kuna shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, linalotengeneza jibini, mkate na jamu na kuwauzia wapita njia chakula cha mchana. Hapo ndipo penye uchumi wenyewe. Maziwa yakigeuzwa jibini na matunda yakigeuzwa jamu, muuzaji hasubiri tena bei ya dalali mwenye lori. Soko limemfuata shambani kwa miguu, likiwa na njaa.

Njia ndefu zaidi inaanzia Lushoto, inapita msitu wa Magamba, Lukozi na Rangwi, hadi Mtae na Mambo, vijiji vilivyo kwenye ukingo wa kaskazini wa milima. Kutoka huko huonekana Mkomazi, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na siku yenye anga safi huonekana hata Kilimanjaro. Kwa miguu ni safari ya siku kadhaa. Kila jioni mgeni lazima alale mahali, ale, na asubuhi anunue maji na ndizi. Rangwi, kwa mfano, watawa wamekuwa wakipokea wasafiri hao. Kijiji ambacho hakina genge wala mandhari ya ajabu kinapata fedha kwa sababu tu kipo katikati ya njia.

Wengine huipita njia hiyohiyo kwa baiskeli za milimani, zenye gia nyingi na tairi pana. Mwendesha baiskeli huenda haraka kuliko mtembea kwa miguu, kwa hiyo hulala vijijini siku chache zaidi. Lakini hula sana, hupata pancha, hukata mnyororo na kumhitaji fundi. Kwa hesabu ya kijiji wateja hawa wawili hawalingani, na anayepanga njia anapaswa kujua mapema anamtaka nani. Mtembea kwa miguu analeta fedha ya kitanda. Mwenye baiskeli analeta fedha ya chakula, spea na ya kukodi baiskeli yenyewe.

Mpango huu haukuota wenyewe. Mwaka 1995 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, kwa kushirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania, lilianzisha programu ya utalii wa utamaduni vijijini, na Usambara ikawa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mgeni analipia ofisini, anapewa stakabadhi, mwongozaji anapata ujira wake, na sehemu ya fedha inatengwa kwa ajili ya shughuli za maendeleo ya kijiji. Wafadhili waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini njia bado zinatembewa hadi leo. Kwa mradi ulioanza na fedha za nje, hilo si jambo dogo.

Matatizo nayo yapo. Lushoto imesumbuka miaka mingi na vijana wanaowadaka wageni stendi ya basi, wanachukua fedha bila stakabadhi na kuwapitisha wanakotaka. Mgeni akitapeliwa mara moja, habari huenea na ofisi halali ndiyo inayoumia. Aidha, njia inayopanda mlima moja kwa moja hugeuka korongo baada ya misimu michache ya mvua, na wenye mashamba ya chini ndio wanaobeba gharama ya udongo ulioporomoka.

Kanda ya Ziwa ina nini?

Shinyanga haina Irente, na ni vizuri hilo likasemwa mapema. Usukuma ni nchi ya mbuga na vilima. Genge la karibu linaloweza kulinganishwa nalo liko nje ya mkoa, Sekenke, wilayani Iramba, pale barabara ya kutoka Singida inapoteremka kuelekea Shelui na Igunga. Kila mfanyabiashara wa Shinyanga au Kahama aliyewahi kupanda basi kwenda Dar es Salaam anaujua mlima huo, ingawa wengi huupita wakiomba breki zisikatike. Ukiwa juu, bonde la Wembere linatandazwa mbele yako hadi macho yanachoka. Sekenke ni jina la kihistoria pia, kwani ni huko Wajerumani walikofungua mgodi wa dhahabu mwaka 1909. Zaidi ya karne moja imepita, dhahabu ile imekwishaondoka, na bonde bado liko palepale likitazamwa bure na abiria wa mabasi.

Ndani ya Shinyanga na Geita kwenyewe kuna kitu kidogo zaidi lakini kilicho karibu na watu: vilima vya mawe ya matale vinavyochomoza kutoka kwenye tambarare, vingine vikiwa na mawe yaliyopangana kama yamebebwa na mkono wa mtu. Kwa kuwa nchi yote inayozunguka ni bapa, kilima cha mita 60 tu kinatosha kuonyesha mashamba ya pamba, majaruba ya mpunga, mifugo na vijiji kwa umbali mrefu. Mpanda mlima wa Ulaya hawezi kusafiri kwa ajili ya kilima hicho. Mwalimu wa Kahama, muuguzi wa Geita au fundi mitambo wa mgodini anaweza.

Kitu cha pili ni ngitili, ile ardhi ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili majani na miti ipumzike. Shinyanga ya miaka ya 1980 ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Miti ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya pamba, kuni na kufukuza mbung'o. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioendeshwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, uliwarudisha wananchi kwenye desturi yao wenyewe, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa ngitili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN ulikadiria kwamba faida ya ngitili ilikuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Katika hesabu ile zilikuwemo kuni, dawa, asali, nyasi za kuezekea, malisho na mengine ya aina hiyo. Njia ya baiskeli yenye kivuli ingeongezwa kwenye orodha bila kupunguza hata mzigo mmoja wa kuni.

Kitu cha tatu ni baiskeli. Hapa Lushoto ndiyo ingepaswa kuja kujifunza. Kabla bodaboda hazijajaa, Shinyanga mjini usafiri wa abiria ulikuwa baiskeli, na vijana waliosomesha wadogo zao kwa kukanyaga pedali hawahesabiki. Mashindano ya baiskeli ya Kanda ya Ziwa yaliwavuta Wasukuma barabarani kwa maelfu miaka ya 2000. Mafundi wapo chini ya kila mwembe, na tyubu, spoku na mnyororo vinapatikana hata kwenye magulio. Pikipiki zimewanyang'anya waendesha baiskeli abiria wao. Ujuzi wao bado wanao.

Mteja ni nani?

Kosa ambalo vijiji vingi vingefanya ni kumsubiri Mzungu. Wageni wa kigeni wanaopita Mwanza huwa na haraka ya Serengeti. Mteja wa uhakika ni mtu mwenye mshahara anayeishi umbali wa saa moja au mbili: wafanyakazi wa Geita na Bulyanhulu, watumishi wa halmashauri, wanafunzi wa vyuo, vikundi vya mazoezi ya mbio za Jumamosi ambavyo siku hizi viko kila mji, wanakwaya, na wanafunzi wa shule wanaoletwa kujifunza jiografia. Mji wa Iten nchini Kenya, ulio juu ya bonde la Kerio, unatoa picha inayofanana. Mandhari yake ni ya ajabu, lakini kinachoulisha mji ni wakimbiaji wanaokuja kwa mazoezi, wanapanga nyumba na kununua maziwa, mayai na mboga siku baada ya siku. Mandhari huwafanya wapende kubaki.

Mfano wa hesabu, kwa makadirio ya mezani tu, unaweza kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Kundi la watu 6 linakuja Jumamosi. Mwongozaji analipwa shilingi 30,000. Baiskeli 6 zinakodiwa kwa shilingi 10,000 kila moja, jumla 60,000. Chakula cha watu 6 kwa shilingi 8,000 ni 48,000. Ada ya kijiji kwa shilingi 3,000 kwa kila kichwa ni 18,000. Jumla ni shilingi 156,000. Yakija makundi 4 kwa mwezi kwa miezi 5 ya kiangazi, zinaingia shilingi 3,120,000. Kwa kulinganisha, ekari ya pamba inayotoa kilo 300, kwa bei ya mfano ya shilingi 1,100 kwa kilo, huingiza shilingi 330,000 kabla ya kutoa gharama za mbegu, dawa na vibarua. Njia moja yenye wateja wachache basi inaingiza kama ekari 9 na nusu za pamba.

Fedha hiyo, hata hivyo, haimtajirishi mtu. Ikigawanywa kwa waongozaji wawili, kikundi cha akina mama cha watu 6, fundi mmoja na mfuko wa kijiji, kila mmoja anapata nyongeza ya ada ya shule na sare, pengine na mbuzi. Atakayeambiwa kwamba utalii utachukua nafasi ya pamba au dengu amedanganywa. Uzuri wake upo kwenye kalenda. Mvua za Shinyanga huanza karibu Novemba na kuisha Mei. Kati ya Juni na Oktoba mavuno yamekwisha, nguvu kazi ipo nyumbani na vijana wengi hukimbilia machimboni. Huo ndio wakati njia ni kavu na anga ni safi. Kazi inayolipa wakati jembe limetundikwa haigombani na kilimo.

Kalenda inaamua pia njia ipite wapi, na hapa wazee wanajua kuliko mchoraji yeyote wa ramani. Luseni, ule mchanga ulio karibu na vilima, hupitika karibu mwaka mzima. Itogolo huwa gumu kiangazi na huteleza ikinyesha. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaza tope kati ya gurudumu na uma hadi baiskeli inabebwa begani. Njia inayochorwa kwa kufuata umbali mfupi kwenye ramani itapita mbugani, na mwezi wa kwanza wa mvua itakuwa imekufa.

Chakula kisichukuliwe kama nyongeza. Mtu aliyekanyaga pedali kilomita 25 hatafuti chipsi mayai, anazo mjini. Ugali wa mtama, nsansa, maziwa mgando, kuku wa kienyeji, michembe na matobolwa ya kubeba mfukoni, asali ya ngitilini ya kupeleka nyumbani: hivyo ndivyo vitu ambavyo Kahama mjini vinaanza kuwa adimu. Asali ikiwekwa kwenye chupa safi yenye jina la kijiji huuzwa kwa bei ambayo dumu la lita 20 haliwezi kuota.

Kilima na kokoto

Kuna jambo ambalo halisubiri. Miji ya Geita, Katoro, Kahama na Shinyanga inajengwa kwa kasi, na ujenzi unahitaji kokoto. Vilima vilevile vinavyoweza kuwa mwisho wa njia ndivyo vinavyopondwa. Mwenye lori anakuja na fedha taslimu, na familia yenye mgonjwa haiwezi kulaumiwa ikikubali. Ila hesabu ya uchumi inatofautisha mapato na kuuza mtaji. Jiwe likishapasuliwa halioti tena, na kilima kilichobaki nusu hakina anayekipanda.

Ukanda wa dhahabu una ushahidi wake wa karibu. Mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulizinduliwa mwaka 2009 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Halmashauri hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya mgodi, na mauzo yakisimama, ushuru nao unasimama. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, kampuni za madini zinatakiwa kuandaa mpango wa mwaka wa huduma kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Fedha hizo kwa kawaida huenda kwenye madarasa na zahanati, na ni sahihi. Lakini kipande kidogo chake, cha kununua baiskeli 10 za gia na kujenga choo na kibanda cha kivuli chini ya kilima, kingebaki kikizalisha baada ya mgodi kufungwa.

Geita ina hatari yake ya ziada, mashimo ya wachimbaji wadogo yaliyoachwa bila kufukiwa, mengine yakiwa yamefunikwa na majani. Njia yoyote katika maeneo hayo lazima ipitiwe na wachimbaji wenyewe wanaoyajua, iwekewe alama za mawe yaliyopakwa rangi, na isipite karibu na mabwawa ya kuoshea dhahabu yenye zebaki. Kwa usalama wa watu, vijiji vya Shinyanga vina sungusungu, waliozaliwa hukohuko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kundi la wageni likiandikishwa kwa kamanda wa sungusungu asubuhi, jioni kuna mtu anayejua kama wote wamerudi.

Kuhusu haki, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na Mkutano Mkuu ndiyo mahali pa kukubaliana kilima gani kisiguswe na njia ipite kwenye mashamba ya nani. Uamuzi huo ukiandikwa kama sheria ndogo na kupitishwa na halmashauri ya wilaya, mwenye lori atakuta karatasi badala ya mabishano. Wakati wa HASHI, dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ndilo lililosimamia ngitili kwa ukali kuliko bwana misitu yeyote. Wazee hao waulizwe mapema, kwa sababu baadhi ya vilima ni vya matambiko na havipaswi kukanyagwa na wapiga picha. Biashara ikikua na kuanza kupokea watalii rasmi, itahitaji leseni ya biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Kikundi kinaweza kuanza kwa kushirikiana na kampuni ya Mwanza ambayo tayari inayo.

Gharama ya majaribio ni ndogo kiasi kwamba kijiji hakina haja ya kusubiri mfadhili. Msimu mmoja wa kiangazi unatosha: njia moja ya kilomita 15 hadi 20, mwongozaji wa zamu, kikundi kimoja cha wapishi, baiskeli za kukodi kutoka kwa wenyewe kijijini na daftari lenye nakala za stakabadhi. Daftari hilo ndilo lipelekwe mbele ya Mkutano Mkuu mwezi Novemba, kabla ya kupanda, likisomwa sambamba na kiasi ambacho mwenye lori alitoa kwa kokoto za kilima cha jirani.